Dizeli imeganda? Kwa nini trekta linagoma alfajiri ya baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, kwenye nyanda za juu za Njombe, Makete na Mufindi, trekta likigoma kuwaka alfajiri jibu huwa tayari mdomoni: "dizeli imeganda." Ukivuka mpaka ukaenda Kinangop, Molo au Timboroa kule Kenya, utalikuta jibu hilohilo. Dereva anangoja jua lipande, saa nne anawasha na trekta linaitika, na kila aliyekuwepo anaona ushahidi umetimia: jua limeyeyusha dizeli. Mara nyingi sivyo. Jua limepasha vitu vingine vitatu, hewa, betri na oili, na dizeli imesingiziwa tu.

Tuanze na huyo msingiziwa. Dizeli haigandi kama maji. Ndani yake kuna nta, na ikipoa vya kutosha nta hiyo hujitenga kwa chembe ndogondogo, mafuta yakawa na ukungu kama maji yaliyooshea mchele, kisha chembe zikaziba filta. Nchi zenye theluji huuza dizeli maalumu ya majira ya baridi. Ya kwetu imetengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, kwa hiyo usiku wa sakitu kali inawezekana ikapata ukungu. Usibishane na mtu, pima. Chukua chupa safi ya kioo, ijaze dizeli ya tangi lako, funga, iache usiku kucha juu ya bawa la trekta. Alfajiri itazame kwenye mwanga wa tochi. Ikiwa angavu, dizeli haina kosa. Ikiwa na ukungu, ni nta. Na kama chini kuna tone linaloteleza peke yake ukiinamisha chupa, hilo ni maji, na maji hayo yanakungoja kwenye kikombe cha filta pia.

Iko dalili nyingine. Nta huziba filta pale mafuta yanapopita, lakini pampu na mabomba yaliyo baada ya filta tayari yana dizeli safi ya jana. Kwa hiyo trekta lenye nta kwa kawaida huwaka, hunguruma dakika moja au mbili, halafu hulegea na kuzima. Trekta linalozungushwa weee bila hata kukohoa lina ugonjwa mwingine.

Injini isiyo na plagi

Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Inavuta hewa tupu, pistoni inapanda na kuibana, hewa inapata moto, kisha nozeli inapuliza dizeli kama mvuke mwembamba ndani ya hewa hiyo nayo inajiwakia. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua: baada ya dakika chache, ncha ya pampu inachoma vidole. Ni jambo lilelile, ila trekta linaibana hewa mara 16 hadi 18 hivi, kwa mpigo mmoja.

Hapo ndipo baridi inapoingia. Kwa hesabu ya makadirio, hewa ya nyuzi 27 ikibanwa mara 16 hupanda hadi zaidi kidogo ya nyuzi 400 za Selsiasi. Ikianza na nyuzi 5, inaishia kwenye 365 hivi. Yaani pengo la nyuzi 22 mlangoni limekuwa la nyuzi 50 ndani ya silinda. Kila nyuzi moja unayoipoteza nje unailipa kwa mbili na ushee ndani.

Na hapo tumechukulia kwamba injini inazunguka kwa kasi inayotakiwa. Stata, yaani mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, ikivuta kwa uchovu, hewa inapata nafasi ya kumwaga joto lake kwenye kuta za chuma baridi na kuvuja pembeni mwa ringi za pistoni kabla pistoni haijafika juu. Joto la mwisho linaweza kushuka kwa nyuzi mia na zaidi, na dizeli inapulizwa kwenye hewa vuguvugu, inalowa, inatoka bombani kama moshi mweupe. Kwa hiyo ukiniuliza kitu kimoja tu cha kukitazama kwenye trekta la nyanda za juu, ni mizunguko ya stata. Injini nyingi za trekta hutaka kuzungushwa mara 150 hadi 200 kwa dakika. Chini ya 100 unajichosha.

Mwinuko nao unaongeza lake. Juu ya mita 2,500, kama Kitulo au Kinangop, hewa ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Hewa chache ina joto chache la kutoa na oksijeni chache ya kuchoma. Ndiyo maana trekta lililokuwa likiwaka kwa mguso mmoja kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu linapandishwa Makete na kuanza visa. Halikulogwa. Udhaifu lilikuwa nao tangu huko, joto la bondeni lilikuwa linausitiri.

Betri na oili hushirikiana kukuumiza

Betri ni kemia, na kemia ya baridi ni ya kivivu. Kwenye nyuzi 0 betri nzima ya risasi na asidi hutoa takribani asilimia 80 ya nguvu yake ya kawaida. Wakati huohuo oili imekuwa nzito kama asali ya asubuhi, kwa hiyo injini inadai nguvu zaidi. Mwenye kutoa kapungukiwa, mwenye kudai kaongeza. Betri ambayo mchana ilikuwa inatosha kwa shida, alfajiri haitoshi.

Mita ya volti ya bei ndogo itakueleza mengi. Pima betri iliyolala usiku kucha bila kazi: volti 12.6 au zaidi, imejaa. Ikisoma 12.4, imebaki kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni kama robo, na hapo usitegemee muujiza. Kisha mwambie mwenzako azungushe stata huku wewe umeshika nyaya za mita kwenye nguzo za betri. Ikishuka chini ya volti 9.5 hivi, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi.

Ila wengi hununua betri mpya wakati mwizi yuko kwenye tamino, vile vishikio vya kebo kwenye nguzo za betri. Stata ya trekta hula mamia ya ampea, na kwa mkondo mkubwa namna hiyo unga kidogo tu wa kijani au mweupe kwenye tamino ni kama kukanyaga bomba la maji. Jaribio ni hili: waya mmoja wa mita kwenye nguzo chanya ya betri (nguzo yenyewe, siyo tamino), mwingine kwenye skrubu ya stata inapopokea umeme, kisha zungusha. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani. Rudia upande wa hasi, kutoka nguzo ya betri hadi bodi ya injini. Huku kwenye athi, njia ya hasi kupitia chuma cha trekta, ndiko watu husahau. Mkanda wa athi uliofungwa juu ya rangi au kutu huzungusha stata kama mgonjwa. Fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, osha tamino kwa maji ya moto yenye magadi, kausha, funga kwa nguvu, paka grisi au vaselini juu. Na kebo nyembamba ya kulehemu iliyowekwa "kwa muda" miaka miwili iliyopita, itoe.

Kwenye oili somo ni fupi. Oili yenye namba moja tu kwenye jina, kama SAE 40, inafaa bondeni. Alfajiri ya nyuzi 3 inazuia pistoni kama tope. Tumia 15W-40 ya injini za dizeli, isipokuwa kitabu cha trekta kiseme vingine. Namba ya kwanza, yenye W, ndiyo inayoeleza tabia ya oili ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi alfajiri. Ya pili ni tabia yake injini ikiwa imepata moto. Basi 15W-40 ni nyepesi wakati wa kuwasha na bado ina mwili wakati wa kulima.

Kile kidude cha kupasha

Massey Ferguson nyingi zenye injini ya Perkins, kama 240 na 290, zina kidude kimefungwa kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, kina waya mmoja na kibomba chembamba cha dizeli. Madereva wengi hawajui kazi yake, na kwenye trekta kuukuu mara nyingi waya umekatwa na kibomba kimezibwa kwa bolti. Jina lake ni "Thermostart" kwa wengine, hita kwa wengine, nitaiita hita. Ukigeuza ufunguo kwenye alama ya kupasha, koili yake inakuwa nyekundu, joto linafungua kivalvu, dizeli inadondoka juu ya koili na kuwaka. Mwali mdogo unakaa njiani na hewa inayovutwa inaupitia. Ni hewa ya nyuzi 5 inayoingia ikiwa imeshapashwa, na hesabu yetu ya kila nyuzi kuzaa mbili inageuka kuwa rafiki.

Inataka subira. Shikilia ufunguo kwenye kupasha kwa sekunde 15 hadi 20, hesabu kwa sauti, ndipo uzungushe. Anayegusa sekunde tatu na kuzungusha hajapasha kitu.

Kuipima si kazi. Chomoa bomba la hewa kwenye manifoldi, simama pembeni, mwenzako ageuze ufunguo kwenye kupasha. Ndani ya sekunde 20 uone wekundu, na stata ikizunguka uone mwali. Wekundu bila mwali: dizeli haifiki, kibomba kina upepo au kimeziba. Giza tupu: koili imeungua au umeme haufiki. Usisogeze uso.

Trekta ndogo, hasa za Kijapani kama Kubota nyingi, zina mfumo tofauti. Dizeli hupulizwa kwanza kwenye kichumba cha pembeni chenye kuta nyingi za kunywa joto, kwa hiyo kila silinda ina plagi ya joto yake, kijiti cha umeme kinachopasha kichumba hicho na si cha kutoa cheche. Hizo hazina hiari. Bila kupasha haziwaki vizuri hata asubuhi ya kawaida. Plagi moja ikifa, injini inawaka ikitetemeka na kutoa moshi mweupe kwa nusu dakika kisha inatulia. Pima kila plagi kwa mita ikiwa imechomolewa waya: nzima huonyesha ukinzani mdogo sana, kama omu moja au mbili, iliyokufa haionyeshi njia kabisa.

Kuwasha kwenyewe

Gia iwe nyutro, breki ya mkono imevutwa, PTO (shafti ya kuendeshea zana) imetolewa. Hakikisha kizimio kimesukumwa ndani hadi mwisho. Usicheke: kile kitufe cha kuvuta unapozima trekta kisiporudi chote, pampu inabaki imefungwa, na watu wamemaliza betri mbili kwa sababu hiyo. Kwenye trekta za ufunguo wa umeme sikiliza mlio wa "tik" kwenye pampu swichi ikiwashwa. Usipousikia, umeme haufiki kwenye solenoidi inayofungua mafuta.

Kanyaga klachi hadi chini. Hii siyo kwa usalama tu. Oili ya giaboksi ya trekta ni nyingi na imekuwa nzito usiku, na usipokanyaga, stata inasukuma injini pamoja na shafti zilizozama humo. Ukikanyaga, unaiachia injini peke yake.

Kwa Perkins za zamani vuta mafuta ya mkono hadi karibu mwisho, pasha sekunde 15 hadi 20, zungusha. Usizidishe sekunde 15 za kuzungusha. Isipowaka, acha stata ipumzike dakika nzima, pasha tena sekunde 10, rudia. Ikishika, rudisha mafuta haraka hadi mizunguko 1,000 au 1,200 na iache hapo dakika tatu hadi tano. Trekta mpya zenye kompyuta ni kinyume: mafuta usiyaguse, kompyuta inajua kipimo chake.

Kukanyaga mafuta ili "ipate moto haraka" ndiko kunakomaliza injini. Oili bado haijafika juu kwenye valvu wala, kwa zenye tabo (feni inayosukumia injini hewa), kwenye shafti ya tabo inayozunguka maelfu kwa maelfu. Joto la haraka linaletwa na kazi nyepesi: endesha taratibu hadi shambani.

Soma moshi

Wakati stata inazunguka, mwenzako atazame bomba la moshi. Hakuna moshi kabisa: dizeli haifiki kwenye silinda, hangaika na kizimio, upepo na filta, usipoteze muda na hita. Moshi mweupe unaochoma macho: dizeli inafika lakini haiungui, yaani joto halitoshi, rudi kwenye kasi ya stata, hita, na mwisho kompresheni (nguvu ya silinda ya kubana hewa). Moshi mweusi: mafuta yamezidi hewa, angalia filta ya hewa. Swali hili moja la rangi ya moshi linaokoa nusu siku ya kubahatisha.

Bila moshi, mshukiwa mkuu ni upepo kwenye mabomba. Usiku mpira wa filta uliochoka unasinyaa, unaingiza hewa kidogo, na dizeli inarudi tangini polepole. Mchana unazima na kuwasha bila shida kwa sababu haijapata muda wa kurudi. Jaribu hivi: alfajiri kabla ya kugusa ufunguo, piga kile kimkono cha pampu ndogo ya mafuta mara 20 au 30 hadi uhisi imekuwa ngumu, kisha washa. Likiwaka mara moja, umempata mwizi: tafuta washa ya kuzibia iliyochoka, mpira wa filta au bomba lenye ufa kati ya tangi na pampu. Lisipowaka, legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta upige hadi povu liishe, kisha ya pampu, na mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli nusu mzunguko huku stata ikizunguka hadi dizeli itoke bila povu. Weka vidole mbali. Msukumo wa pale unaweza kupenyeza dizeli chini ya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali siku hiyohiyo hata likionekana kama tundu la sindano.

Njia za mkato

Etha, ile dawa ya kopo ya kupuliza kwenye filta ya hewa, hujiwasha yenyewe kwenye nyuzi kati ya 160 na 180 hivi, chini sana ya dizeli. Inalipuka kabla pistoni haijafika juu, na mlipuko unaisukuma irudi. Hapo ndipo ringi hukatika na mikono ya pistoni kupinda. Watu husema injini "inazoea" etha kama mlevi. Haizoei. Inavunjika kidogo kila asubuhi, kompresheni inashuka, na kesho yake inahitaji zaidi. Na kwenye injini yenye hita au plagi za joto zinazofanya kazi, etha ni bomu: itashika moto ndani ya manifoldi, mbele ya uso wako. Petroli kwenye kitambaa iko kundi hilohilo.

Kupiga shoti stata kwa bisibisi ukiwa umesimama chini, kati ya tairi la mbele na la nyuma, kumeua watu duniani kote. Ukipiga shoti, unaruka swichi ya usalama ya klachi au gia. Trekta likiwa kwenye gia linawaka na kuondoka papo hapo, na tairi la nyuma liko hatua moja kutoka ulipo.

Kubusti kwa betri ya lori kunafaa ikiwa unachukua volti 12. Malori mengi yana betri mbili zilizounganishwa kutoa 24. Chukua kutoka betri moja tu, chanya kwa chanya, na hasi uifunge kwenye chuma cha injini mbali na betri, kwa sababu cheche ya mwisho haitakiwi karibu na gesi ya betri.

Kuwasha moto wa kuni chini ya trekta sina la kusema zaidi ya kwamba chini ya trekta kuna oili, grisi na dizeli. Maji ya moto kwenye rejeta yanasaidia, yakiwa ya kuoga siyo ya chai. Yanayochemka kwenye bloku (bodi ya injini) baridi yanaweza kuipasua. Kwenye pampu ya nozeli usimwage kabisa, vipuri vyake vimekaa kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Canada na nchi za Skandinavia wamelimaliza hili kwa hita ya umeme ndani ya bloku inayochomekwa ukutani usiku.

Na themostati ya rejeta, ile ambayo mafundi wengi huitoa "ili injini isichemke": irudishe. Nyingi hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Bila hiyo, maji baridi huzunguka tangu sekunde ya kwanza, na kwenye Njombe ya Julai injini inaweza kulima hadi jioni bila kufikia joto lake. Inakula dizeli, inatoa moshi, kaboni inajaa kwenye ringi na nozeli, na baada ya misimu michache kompresheni imeshuka na alfajiri imekuwa ngumu kweli. Trekta likichemka, mara nyingi tatizo ni rejeta iliyoziba au mkanda wa feni uliolegea.

Vyote vikiwa sawa, yaani stata inapiga kwa kasi, hita inawaka mwali, dizeli haina upepo, na bado ni moshi mweupe tu, pima kompresheni kwa geji ya dizeli, siyo ya petroli. Silinda zote ziwe karibu sawa. Iliyo chini, mwagia kijiko cha oili kwenye tundu la nozeli, zungusha bila nozeli ili oili isambae, kisha pima tena: ikipanda sana, ni ringi au silinda. Isipopanda, ni valvu au gaskiti ya kichwa, na kuanzia hapo ni kazi ya spana.